Binamu Yangu, Mzee Tahadhari

Sisi tuliokulia Nyangamara wakati ule betri za redio zikianikwa juani ili zipate nguvu ya kumalizia salamu za wasikilizaji, tulikuwa matajiri wa kicheko. Asubuhi tulikwenda shule peku, kila mtoto na fagio lake na kidumu cha maji ya kumwagilia bustani ya mwalimu mkuu. Tukirudi tuliingia porini kuchimba mizizi ya ming'oko, tukaichemsha kwa chumvi na kuila ingali ya moto, tukiirusha mkono hadi mkono huku tukipuliza. Msimu wa korosho vidole vilibabuka kwa utomvu, na sare zetu zikapata madoa ya mabibo ambayo hakuna sabuni iliyoyaweza. Kombolela ilichezwa mpaka mama mmoja aite jina la mwanawe, na hapo watoto wote walijua wameitwa. Vijana wa leo ukiwatajia kombolela wanauliza inapakuliwa wapi.

Nyumba yetu sisi, hata hivyo, ilicheka kwa uangalifu, kwa sababu ya baba. Mzee Selemani, baba yangu, hakumwamini mtu. Hakuwa mkali, wala hakuwa mchoyo. Alikuwa na wasiwasi tu, kama wengine walivyo na kikohozi. Akitoka kwenda shamba alimwaga jivu jembamba kizingitini ili akirudi asome nyayo. Alikuwa na mtungi wake wa maji chumbani, mbali na wa nyumba nzima, na kata yake mwenyewe. Daktari akimpa vidonge, alimlisha kwanza kuku mmoja akangoja hadi jioni. Mama alipoulizwa na wenzake kisimani kwamba mumewe alitendwa nini hata akawa vile, alijibu kuwa hakutendwa na mtu, alizaliwa hivyo, na mama yake mzazi ndiye aliyesema hata kunyonya alikuwa ananyonya akimtazama usoni.

Kumsalimia baba ilikuwa shughuli. Ulisema, "Shikamoo, Mzee Selemani," kisha ukangoja. Alikutazama usoni, halafu mikononi, halafu nyuma yako kama umekuja na mwingine. Ndipo aliposema, "Marahaba. Na baada ya hapo?"

Kwa maana kwake hakuna mtu aliyetembea hadi kwetu kwa ajili ya shikamoo tu.

Athumani aliletwa nyumbani akiwa na miaka saba. Alikuwa mtoto wa shangazi yangu Fatu, dada yake baba. Shangazi aliolewa mara ya pili Kilwa Masoko, na huyo mume mpya hakutaka mtoto wa kuja naye. Kwetu mjomba ana haki na mpwa wake kuliko mtu yeyote, kwa hiyo hapakuwa na mjadala. Baba alimpokea kwa kuufungua mfuko wake, akautikisa, akatazama ndani ya kila kiatu, akasema, "Haya, ingia." Athumani alikuwa ameanza kulia njiani, lakini alipoona mtu mzima anachungulia ndani ya kandambili, alinyamaza na kukodoa macho. Mimi nilikuwa na miaka minane. Niliona vile alivyomtazama baba, nikafikiri ni woga. Sasa najua alikuwa anajifunza.

Mabinamu ni watani, mnajua wenyewe. Tulitaniana tangu asubuhi, na mama alituacha kwa kuwa ndiyo mila. Siku moja baba akiwa shamba, Athumani alivaa kofia yake na kushika fimbo yake, akaketi barazani. Tukajipanga watoto sita kumsalimia. "Shikamoo, mzee." Akatutazama nyuso, akatutazama mikono, akainama kuchungulia nyuma yetu. Alipofika kwenye "Na baada ya hapo?" mama alikuwa amemwaga unga wa muhogo wote alioupepeta, amekaa chini, anajifuta machozi kwa upindo wa khanga. Kisha akanyamaza ghafla. Baba alikuwa amesimama kwenye uzio, jembe begani.

Tulingoja kipigo. Baba alimtazama Athumani muda mrefu, kisha akasema, "Fimbo umeishika mkono wa kushoto. Mimi natumia wa kulia." Akapita, akaenda kunawa. Kesho yake kofia ilikuwa imefichwa, na hatukuijua tena inalala wapi.

Tulipomaliza darasa la saba mimi nilichaguliwa kuendelea, Athumani hakuchaguliwa. Lakini mwalimu wetu alikuwa amempeleka Lindi mjini na kikundi cha maigizo cha shule, na huko alionwa na watu waliokuwa wakizunguka vijijini kucheza michezo ya kuhimiza watu wachimbe vyoo na kuchemsha maji. Walimtaka. Alipoaga, baba alimuuliza watamlipa kwa kazi gani.

"Kwa kuchekesha, mjomba."

"Kuchekesha," baba akasema, na akalizungusha neno hilo mdomoni kama punje ya mchanga. "Hakuna mtu anayelishwa kwa kuchekesha. Hapo kuna jambo linafichwa."

Kwa mwaka mzima aliamini Athumani ameingia kwenye wizi. Barua yake ya kwanza kutoka Dar es Salaam aliishika juu ya mwanga wa dirisha kabla ya kuifungua, na baada ya kusomewa aliomba isomwe tena kuanzia mwisho.

Tulimsikia redioni kabla ya kumwona popote. Nilikuwa tayari mwalimu wa shule ya msingi Lindi mjini, nimekuja likizo. Ilikuwa baada ya alasiri, mama anatwanga, baba ameketi kando ya redio yake. Ukaanza mchezo, na ndani yake mzee mmoja akabishiwa hodi. Mgeni akasema shikamoo. Kimya kikapita, kirefu mno kwa redio, mtu ungedhani betri zimekwisha. Kisha ile sauti ikasema, "Marahaba. Na baada ya hapo?"

Mama aliacha mchi ndani ya kinu. "Somoe," aliniita taratibu, "baba yako yuko redioni."

Baba aliinuka, akaigeuza redio, akaitazama mgongoni. Akairudisha. Mchezo ulipoisha alikwenda kukagua jivu la kizingitini.

Mzee huyo wa mchezo aliitwa Mzee Tahadhari. Athumani alikuwa hajafika hata miaka thelathini. Alijipaka unga kichwani, akapinda mgongo, akaburuta mguu. Kutoka redioni akaingia kwenye televisheni, kutoka televisheni akaingia kwenye filamu, zile za kanda na baadaye za sidii, zilizouzwa stendi za mabasi nchi nzima. Lafudhi yetu ya bara ya Lindi, ile tuliyochekwa nayo tukifika Dar, ikawa watu wanaitafuta kwa makusudi. Nilikuwa nikipanda basi nasikia makondakta wakidai nauli kwa kusema, "Na baada ya hapo?" Nilijivuna, sitaficha. Lakini nilijivuna kimoyomoyo, kwa kuwa nilijua iko siku filamu itafika Nyangamara.

Ilifika na jenereta. Bwana mmoja alifungua kibanda cha video karibu na soko, mabenchi ya mbao na mapazia ya magunia. Watoto wakaanza kumsalimia baba kwa namna ya kungojea kitu, na akijibu wanakimbia wakicheka. Alipouliza na kuambiwa, alikwenda mwenyewe, siku ya Ijumaa baada ya sala, na kanzu yake. Aliketi benchi la nyuma kabisa ambapo mgongo wake uligusa ukuta. Mama aliniambia kwamba siku hiyo filamu ya kuchekesha kuliko zote ilitazamwa na watu arobaini bila hata mmoja kucheka. Wote walikuwa wamegeuza shingo kumtazama yeye.

Aliporudi alimwambia mama, "Yule mzee kwenye video ni mpumbavu sana." Akanawa miguu. "Ila mlango wake anaufunga vizuri."

Mambo yangeishia hapo tukabaki na cha kusimulia. Lakini ikaja filamu ya pili, na ndani yake kulikuwa na masizi.

Niwaeleze. Baba aliingiwa na shaka kwamba kuna mtu anakunywa maji ya mtungi wake. Basi akapaka masizi chini ya mkono wa ile kata, mahali vidole vinaposhika, ili mwizi ajulikane kwa mkono wake. Alfajiri akaamka, akasahau, akaichota mwenyewe, akanywa, akajifuta uso, akavaa kanzu kwenda msikitini. Mama alimdaka mlangoni akiwa na mistari myeusi toka paji hadi kidevu. Nilikuwepo. Tulikuwa watu watatu, yeye, mama na mimi, na Athumani alikuwa Dar es Salaam miaka mingi. Sasa Mzee Tahadhari alikuwa kwenye kioo, uso mweusi, anaingia msikitini kwa heshima zote, na nchi nzima inakufa kwa kicheko.

Baba hakuwa na haja ya kufikiri sana. Mama hakuwa na simu, hakujua kuandika. Mimi nilikaa mjini, nilikuwa na simu, na Athumani alikuwa akinipigia kila Idi.

"Shikamoo, baba," nilimwambia nilipokuja likizo iliyofuata.

Hakuniangalia nyuma wala mikononi. "Marahaba, mwandishi wa habari," akasema, akaingia ndani.

Miaka sita niliitwa hivyo. Nikiingia barazani, mazungumzo yalikatwa. Sanduku lake liliwekewa kufuli la pili. Niliapa mbele ya mama, nikaapa mbele ya imamu, na kila nilipoapa nilimwona akinitazama mdomo kama fundi anayetafuta ufa. Kilichoniuma zaidi ni kwamba mama aliugua homa kali wiki mbili, hajitambui, na mimi niko Lindi, safari ya nusu siku, sikuambiwa. Nilipomuuliza baba kwa nini, alijibu, "Niliogopa tutayaona kwenye video."

Sikulia mbele yake. Nililia kwenye basi, mama mmoja aliyeketi nami akanipa maembe yaliyokaushwa bila kuuliza kitu. Na kwa vile filamu ziliendelea, na kila moja ilikuja na jambo jipya la nyumbani kwetu, na mimi nilianza kutafuta mwizi wangu. Nilimshuku mama. Nilimtega kwa kumwambia uongo mdogo, kwamba baba amekiri kwangu anaogopa bata, nikangoja kama bata watatokea kwenye filamu. Hawakutokea. Nikamshuku jirani, nikamshuku imamu. Nilimpigia Athumani, nikamuuliza kwa kisirani ni nani anayempa habari.

"Ukimjua hutaamini," akasema, akacheka. Nikamkatia simu, na kwa miaka miwili sikupokea tena.

Kisha baba akaugua. Mapafu yalijaa maji, miguu ikavimba, akawa anashinda barazani kwenye kitanda cha kamba akiwa ameegemezwa mito. Mimi nilikuja kumwuguza, naye alikubali kwa kuwa hakuwa na nguvu ya kukataa. Siku moja asubuhi gari dogo jeupe lilisimama njiani, na nyuma yake nusu ya kijiji ilikuwa inakimbia. Athumani akashuka. Alikuwa amenenepa, na mvi za unga zilikuwa zimegeuka mvi kweli.

"Shikamoo, mjomba."

Baba akamtazama usoni, akamtazama mikononi, akatazama nyuma yake. Safari hii nyuma kulikuwa na watu kweli, kama mia. Hakuna aliyecheka.

"Marahaba. Umekuja kuchukua nini tena?"

"Nimekuja kukuona. Nimesikia unaumwa."

"Umesikia kwa nani?"

Nilihisi macho ya baba yakinigeukia kabla shingo yake haijageuka. Nilikuwa nimeshika bakuli la uji. Nakumbuka nililiweka chini.

Athumani naye aliliona hilo. Alinitazama, akamtazama mjomba wake, na usoni mwake nikasoma kwamba muda wote huo hakujua, hakujua kabisa, kwamba kuna mtu analipa kwa vichekesho vyake.

"Kwako wewe, mjomba," akasema polepole. "Ijumaa, uliponipigia."

Mama akatoka jikoni. "Simu gani? Huyu hana simu."

Athumani alitoa simu yake mfukoni, akabonyeza. Ndani ya nyumba, chini ya kufuli mbili, ndani ya sanduku la baba, kitu kikaanza kulia. Tuliusikiliza mlio ule hadi ukakoma wenyewe.

Ikajulikana. Baada ya kuiona filamu ya kwanza, baba alikwenda mwenyewe hadi mjini akanunua simu, akaificha, na akawa anampigia mpwa wake kila Ijumaa ili amkaripie. Na katika kumkaripia alimsahihisha. Mlango umeufunga vizuri, ila dirisha umelisahau. Jivu halimwagwi kwa mkono, linapepetwa. Tena siku hizi jivu nimeacha, natumia masizi, na hapo akaeleza yaliyompata, kwa hasira, neno kwa neno, ili Athumani aone jinsi alivyopitwa na wakati. Kila filamu ilimkasirisha, na kila hasira ilizaa filamu. Kwake karipio halikuwa habari, kwa hiyo katika watu wote aliowashuku hakuwahi kujishuku mwenyewe.

"Nilidhani unanipa kwa hiari, mjomba," Athumani alisema. "Nilidhani ndiyo namna yako ya kunibariki."

Pumzi ya baba ilikuwa inakoroma. Mwishowe akasema, "Masizi uliyapaka juu ya mkono wa kata. Nilikwambia chini."

Hapo mtu mmoja katika wale mia akashindwa kujizuia, na kijiji chote kikacheka, na mama akacheka, na nilipoona baba mwenyewe mabega yanamtikisika nilidhani ni kikohozi kimemrudia. Mimi sikuweza. Niliingia ndani nikalia miaka yangu sita.

Hakuniomba radhi, na sikutegemea. Kesho yake asubuhi, wakati namnywesha dawa, alinishika kiwiko. "Chukua kalamu," akasema. "Andika namba yangu. Usimpe mtu." Nikaandika. Alikufa kabla ya mwezi kwisha, na nikiwa mjini kufuata dawa zake alikuwa amenipigia mara nne, zote kuuliza kama nimeshafika.

Athumani hakuwa yule yule baada ya maziko. Alirudi Dar akacheza filamu mbili tatu, lakini aliniambia kwamba kila akivaa ile kofia anahisi amevaa ya mtu. Pia hapakuwa na anayempigia Ijumaa. Alijaribu kubuni vya kwake, havikushika. Wakati huo huo sidii zikafa, watu wakaanza kunakili filamu kwenye simu, na vijana wakagundua kwamba mtu anaweza kuchekesha kwa dakika moja, amevaa gauni la dada yake, bila kukariri neno. Siwalaumu. Baadhi yao wanachekesha. Ila sisi tulizoea kichekesho kinachokuja kwa mwendo, unakiona kwa mbali kinavyokaribia, unakishikia mbavu kabla hakijafika.

Kiharusi kilimpiga Athumani akiwa kwenye foleni ya kujaribiwa nafasi ya kuigiza, foleni moja na vijana waliokulia kwenye filamu zake. Upande wa kushoto ukalegea, mdomo ukapinda. Mkewe alikuwa ameshamwacha siku nyingi. Mimi nilikuwa nimestaafu, nimerudi kwenye nyumba ya baba, na mama na mume wangu walikuwa wametangulia mbele ya haki. Nilimfuata Athumani Dar nikamleta. Alipowekwa kwenye kile kitanda cha kamba barazani, alitazama kizingiti, akasema kwa ule mdomo wa nusu, "Somoe, mbona hapana jivu?" Huo ulikuwa utani wake wa kwanza baada ya miezi mitatu, nami nikajua ataishi kidogo.

Tuliishi vizuri, watani wawili wazee. Watoto wa shule walipita kumsalimia, wengine hawamjui, wameambiwa tu na bibi zao. Ndipo wakaja wale vijana watatu kutoka mjini, na pikipiki mbili, nywele zimechorwa mistari. Walikuwa na adabu, waliinama kutoa shikamoo. Walisema ni wasanii wa mtandaoni na wanataka kumuenzi gwiji. Nilitazama mikono yao. Kila mmoja alikuwa na simu mbili, na mmoja alikuwa ameshaanza kutupiga picha kabla hajaomba. Nikamwambia Athumani kwa Kimwera chetu kwamba sipendi.

"Waache," akasema. "Wanatafuta riziki kama nilivyotafuta mimi. Na mimi nimekaa sana bila kazi."

Walimwomba alale kitandani, afumbe macho, mikono kifuani, halafu aamke ghafla na kusema neno lake maarufu. Alifanya. Alifanya vizuri mno. Hata mimi niliyesimama karibu nilijikuta nahesabu kifua chake. Alipoamka walipiga makofi, wakamshukuru, wakaondoka. Usoni mwake kulikuwa na rangi ambayo sikuiona tangu alipoletwa.

Walipoirusha video hiyo mtandaoni, walikata ile sehemu ya kuamka. Waliweka kaswida ya huzuni na maneno ya buriani.

Ilikuwa kama saa nne asubuhi simu yangu ilipoanza kulia. Walinipa pole watu nisiowajua. Nikawa nasema hajafa, yuko hapa, anakunywa uji, na wao wanasema pole sana mama, tunaelewa, ni uchungu. Adhuhuri watu wakaanza kuingia na mikeka. Akina mama wa vijiji vya jirani walikuja na unga na kuni, wanalia tangu njiani. Athumani alitoka akijikokota na mkongojo kuwaonyesha kwamba yuko hai, wengine wakapiga yowe wakakimbia, wengine wakakasirika kuwa tumewachezea. Kesho yake alifika Mwanahamisi, mdogo wake wa mama mmoja, binti ya shangazi Fatu, kutoka Kilwa Masoko. Alikuwa amelia kwenye mabasi mawili, macho yamevimba, sauti imekauka. Alimkuta kaka yake anatafuna kipande cha muhogo.

Aliketi chini. Kisha akasema, "Kaka, miaka yote umecheka na watu. Mimi usinifanyie hivi."

"Sikufanya mimi," Athumani akasema. "Walinikata."

Lakini alikuwa mchekeshaji, na nani anamwamini mchekeshaji? Mwanahamisi alilala siku moja, akarudi kwake.

Athumani alikufa kweli miezi minne baadaye, asubuhi, korosho zikiwa zimeanza kuanguka. Nilimpelekea uji nikamkuta mikono ameiweka kifuani. Nilisimama pale nikingoja. Mungu anisamehe, nilingoja aamke. Nilimwita mara tatu, mara ya tatu kwa hasira, na nilipomgusa shavu ndipo nilipojua.

Nilianza kupiga simu. Wengine hawakupokea. Mmoja wa wasanii wenzake wa Dar alicheka, akasema, "Mama, hii ya pili haitupati." Mwanahamisi alipokea. Nilimwambia, "Mdogo wangu, kaka yako ametutoka," na nikasikia kimya kile kile cha redio, kirefu. Kisha akasema kwa upole, "Dada Somoe, mwache alale. Akiamka mwambie namsalimia."

Nililia kwenye simu. Akasema nalia vizuri, akakata.

Tulimzika baada ya sala ya alasiri. Nilimtuma mjukuu wa jirani apite nyumba kwa nyumba, na waliomwona usoni wakamwamini wakaja. Kutoka nje ya Nyangamara hakuja mtu. Mwanahamisi alifika siku ya tatu, baada ya imamu wetu kumpigia imamu wa kwao, akakaa kwenye udongo mbichi mpaka tukamwinua wawili.

Tulipokuwa wadogo, habari ya kifo ilikuja na miguu. Ulimwona mtu anatoka njia kuu, anakata kona ya kwenu, kofia ameivua ameishika mkononi, na mama aliacha alichokuwa anafanya kabla mgeni hajafungua mdomo. Hakuna aliyeuliza una uhakika. Hata baba yangu, aliyemshuku kuku na daktari, hakuwahi kumshuku mtu wa namna hiyo. Alimpisha mlangoni, akamletea maji, akaanza kutafuta viatu vyake. Na watu walitoka Lindi, walitoka hata Kilwa, wengine siku mbili njiani, kwa ajili ya mkulima mmoja asiyejulikana zaidi ya mashamba matatu.

Athumani alijulikana nchi nzima. Siku walipomsalia uani kwetu nilisimama mlango wa jiko nikawatazama wanaume wakijipanga nyuma ya jeneza. Zilikuwa safu mbili, na ya pili haikujaa.